Hatuhami Namatala

Rangi waliyoitumia ilikuwa nyekundu, na walianza kuipaka kabla hatujamaliza kunawa uso. Vijana wa manispaa na afande mmoja wa kuwasindikiza walipita nyumba hadi nyumba, wakichora alama kubwa ya X kwenye kila mlango. Mimi walinikuta nafagia. Nikawauliza ni nini, wakasema nitaelezwa. Nikauliza nitaelezwa na nani, wakahamia kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Mastula, ambaye sote tulimwita Mama Shifa kwa jina la binti yake. Alikuwa akipika pilau na chai karibu na mashine ya kukoboa mpunga, na wabeba magunia wote wa Namatala walikula kwake. Yeye hakuwauliza kitu. Alichukua kitambaa cha kushikia sufuria, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akaifuta ile rangi ikiwa bado mbichi, mbele ya macho ya aliyeipaka. Kijana akapaka tena. Mama Shifa akafuta tena. Mwishowe yule afande akacheka, akamwambia kijana amwache, mlango usio na alama hautamsaidia mtu.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tisa. Serikali mpya ilikuwa imekaa, maduka ya Mbale yalikuwa yameanza tena kuuza sukari na sabuni, na redio ilituambia kila asubuhi kwamba nchi inajengwa upya. Lakini kule Teso, si mbali na sisi, watu walikuwa bado wanapigana, na kila wiki wakimbizi waliingia mjini na mikeka yao kichwani. Wengi waliishia kwetu Namatala, maana kwetu ndiko mtu alikoweza kusimamisha kibanda bila kuulizwa baba yake ni nani.

Jioni ile mwenyekiti wa baraza la mtaa, Geresom, alituita kwenye uwanja wa mashine ya mpunga akatueleza. Kampuni kutoka Kampala ilikuwa imepewa ardhi yetu yote na manispaa, tangu barabara kuu mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Wangejenga maghorofa, maduka ya vioo na hoteli yenye bwawa la kuogelea. Sisi tungepewa malori ya kubebea vitu na pesa kidogo ya njiani. Geresom alikuwa na picha kubwa ya mji huo mpya, akaipitisha mikononi mwetu. Niliutafuta mtaa wetu katika picha ile. Mahali palipokuwa na choo changu palikuwa na mwavuli, na mzungu amekaa chini yake anakunywa kitu cha rangi ya chungwa.

Geresom hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona serikali zikija na kuondoka, na alikuwa amezika kaka zake wawili waliobishana na mojawapo. Akatushauri tuchukue lori na tushukuru. Watu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Hapo Mama Shifa akasimama.

“Mwenyekiti,” alisema, “mimi nimewahi kuhamishwa. Sikupewa lori.”

Wengi wetu tulijua habari hiyo nusu nusu. Siku ile aliisema yote. Kabla ya kuja Mbale alikuwa na nyumba Nalufenya, kule Jinja. Mumewe, Asadu, alikuwa dereva wa malori ya kambi ya jeshi. Vita vya sabini na tisa vilipofika Jinja na serikali ile ya kijeshi kukimbia, watu walitafuta wa kumlipizia kisasi, na aliyekuwa karibu ni jirani. Asadu alikuwa Mwislamu, aliendesha lori la jeshi, alizungumza Kiswahili, lugha ya askari wale. Ilitosha. Walimchukua mchana na hakurudi. Walioingia nyumbani kwake kuchukua vitanda walikuwa watu aliowapelekea sahani kila sikukuu. Mastula aliondoka na Shifa mgongoni, akapanga chumba Namakwekwe, hapa hapa Mbale, akauza maandazi, na baada ya miaka akaja kwetu Namatala akajenga nyumba yake kwa fito na tope alilolikanyaga kwa miguu yake mwenyewe.

Alipomaliza kusema hakuna aliyepiga makofi. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyekwisha kwenda kumwona wakili. Hakukuwa na yeyote. Akasema basi yeye atakwenda, na akanitazama mimi. Nilikuwa mjane, sina wa kuniuliza ninakwenda wapi. Nikakubali.

Tulikwenda Jinja, kwa sababu mawakili wa Mbale tuliowajaribu kwanza hawakutaka hata kutupa viti. Wakili Isabirye alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitenge. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama manispaa imekuwa ikitutoza kodi ya viwanja. Tukamwambia kila mwaka, hata miaka ya vita, na asiyelipa alikuwa anang'olewa mlango. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Hawawezi kula kodi ya mtu miaka yote hiyo, kisha waseme hawamjui,” alisema.

Kesi ipo, alituambia, lakini mahakama haiendi kwa maneno matupu. Kuna ada, kuna mpima ardhi, kuna safari zake za kuja Mbale. Akataja kiasi. Nilidhani anataja bei ya kununua jengo alilokuwa ndani yake. Mama Shifa akamwambia aanze kuandika, pesa itakuja.

Tulipotoka, aliniomba tupitie Nalufenya. Tulipofika kwenye nyumba moja yenye mabati yaliyopakwa kijani, mwanamke aitwaye Margret alikuwa anaanika mahindi uani. Alitukaribisha vizuri, akajitaja jina, akauliza tunamtafuta nani.

“Simtafuti mtu,” Mama Shifa alisema. “Nilizaa mtoto katika kile chumba cha nyuma.”

Yule mwanamke alisimama na mahindi mkononi. Uso wake haukuwa wa ubaya, ulikuwa wa mtu aliyeisubiri siku hiyo akitumaini haitafika. Kisha akaingia ndani, na tukasikia komeo. Mama Shifa hakugonga. Tulitembea mpaka stendi, na tulipokaa kusubiri gari ndipo akaniambia jambo ambalo sijalisahau.

“Namono, unajua kilichotumaliza kule? Kila nyumba iliondoka peke yake. Aliyebaki alimtazama anayeondoka, akashukuru kwamba si yeye. Mara hii, wakitutoa, watutoe wote siku moja, mchana, na watutazame usoni.”

Kuchanga kwenyewe hakukutusumbua kama swali la nani atazishika fedha. Tulikuwa tumechangishwa sana miaka ile. Tulichangia barabara, tukachangia ulinzi, tukachangia kumpokea mgeni wa serikali ambaye hakuja, na kila mara mfuko ulipotea na aliyeushika. Waislamu hawakutaka ushikwe na mtu wa kanisani, watu wa kanisani hawakutaka uende msikitini, na sisi Wagisu tulisema mtaa ni wetu tangu babu zetu, ingawa babu zetu waliishi mlimani. Kikao kilikuwa karibu kuvunjika Mama Shifa aliposema jina la Benedicto.

Benedicto alikuwa Mteso, askari jela mstaafu, mrefu kama mlingoti, akiishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho karibu na majaruba. Mkewe, Betty, alikuwa amefariki mwaka waporaji wa ng'ombe walipoingia kwao. Hakuwa amemkosea mtu, lakini tulimkwepa kwa sababu ya mdomo wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha, na kwa watu wa rika langu lugha hiyo ilinuka bunduki. Tulikuwa tumeizoea ikisemwa mlangoni na mtu anayetaka redio yako. Kwa Mama Shifa tu ndiko nilikojifunza kwamba inaweza pia kumbembeleza mtoto.

“Huyu hana shangazi hapa,” alisema Mama Shifa. “Hana mjomba, hana shemeji wa kumkopesha. Akizila hizo fedha, atazila peke yake, na sote tutamwona akinenepa.”

Watu walicheka mpaka Benedicto mwenyewe akacheka. Lakini alikataa.

“Mama, mimi hapana taka,” alisema. “Pesa ya watu iko mzito. Mimi nilichunga wezi miaka mingi. Wengi yao walianza na kuchungia watu pesa.”

“Ndiyo maana tunakutaka wewe. Unajua inavyoanza.”

Alikubali kwa sharti kwamba sanduku la fedha liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mama Shifa na mwingine kwangu, na yeye abaki na mzigo tu.

Tulifanya mnada siku ya Jumamosi kwenye uwanja wa mashine ya mpunga. Gidudu, dalali wa mnada wa ng'ombe, alijitolea sauti yake bure. Sijaona siku kama ile tena. Asiyekuwa na shilingi alileta kitu: magunia ya mpunga, malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa, kutoka mlimani, gomesi ambayo mtu aliivaa siku ya harusi yake, pampu ya baiskeli. Seremala mmoja alileta mlango mpya, ule ule aliokuwa amepanga kuuweka nyumbani kwake. Mwanamke mkimbizi aliyekuwa amefika kutoka Teso wiki ile ile, ambaye hakuna mtu angemlaumu kwa kukaa kimya, alimleta jogoo. Gidudu akamnadi. Aliyemnunua alilipa akamrudisha anadiwe tena, na wa pili akafanya hivyo hivyo, mpaka jogoo mwenyewe akachoka kushikwa miguu akaanza kulalamika, na Gidudu akamwambia avumilie, hata yeye ni mkazi.

Geresom alisimama mbali, karibu na ukuta wa mashine, mikono nyuma. Hakuchanga. Lakini hakuondoka pia.

Siku chache baadaye landrova ya polisi iliingia mtaani. Mama Shifa alikuwa amempelekea Benedicto chakula, kwa hiyo aliyaona yote. Benedicto alipoisikia ile gari akajua inakwenda kwake, kwa kuwa baada ya nyumba yake hakuna nyumba. Alilichukua lile sanduku, akalitia ndani ya kapu la Mama Shifa chini ya sahani, akamwambia atembee polepole. Mama Shifa akapishana na polisi njiani, akawasalimia, wakamwitikia.

Mashtaka tuliyasikia jioni. Mkubwa wa kituo, afande aliyeitwa Gaster, alikuwa amepata habari kwamba Mteso mmoja anakusanya fedha Namatala kwa ajili ya waasi wa kwao. Mwaka ule hilo halikuwa kosa la kufikishwa mahakamani kwa starehe. Watu walichukuliwa kwa maneno kama hayo na ndugu zao wakaambiwa wakatafute kwingine. Na kule kituoni, kila Benedicto alipoulizwa sanduku liko wapi, alijibu kwamba ni la watu, wakawaulize watu. Walimpiga kwa jibu hilo.

Usiku haukuwa umeingia bado tulipokutana nyumbani kwa Mama Shifa, sanduku likiwa chini ya magunia jikoni. Gidudu alisema sisi ni watu wa mpunga, hatuyawezi mambo ya waasi. Mwingine akauliza tunamjuaje huyu Mteso, nani ameuona moyo wake. Geresom, ambaye safari hii alikuja bila kuitwa, alizungumza kwa upole. Fedha ziko salama, alisema. Kesho zipelekwe kwa wakili. Tukiulizwa, tuseme mchango hatuujui, na Benedicto ni mpangaji tu. Mtaa utapona.

Nitasema kweli, hesabu yake ilikuwa nzuri. Kwa kumtoa mtu mmoja asiye na ndugu tungebaki na nyumba zetu zote. Niliona vichwa vikianza tena kutikisika.

Mama Shifa hakupandisha sauti. “Kule Nalufenya tulianza hivyo hivyo,” alisema. “Alianza kutolewa mtu mmoja, asiye na ndugu. Asubuhi mimi nakwenda kituoni kuandikwa kwamba na mimi nilichanga. Atakayekuja aje, atakayebaki simlaumu. Lakini asije kuniambia kwamba alikuwa anatetea mtaa.”

Asubuhi aliondoka na kanga zake mbili, na mimi nyuma yake. Nilidhani tutakuwa wawili. Tulipopita mashine ya mpunga wabeba magunia walitua mizigo. Tulipofika barabarani nilitazama nyuma nikaona watu wamejaza njia, wazee wa msikitini, akina mama wa kanisani na watoto mgongoni, seremala, yule mwanamke wa jogoo. Hakuna aliyeimba wala kubeba tawi. Tulikwenda kama watu wanaokwenda sokoni.

Afande Gaster alikuwa mtu wa kaskazini, mwenye macho ya asiyelala. Alitoka nje kusikia kuna nini.

“Nimekuja kuandikwa, afande,” Mama Shifa alimwambia. “Nasikia kuchanga ni kosa. Mimi nilichanga, tena mimi ndiye niliyewaambia wengine wachange. Nyuma yangu kuna wengine.”

Aliamuru tutawanyike. Tukakaa chini. Akatishia kwamba atatufunga wote, na mzee mmoja wa msikiti akamwuliza kwa heshima kama tusubiri ndani au nje. Basi wakaanza kutuandika, maana hawakujua la kufanya. Kila mmoja aliingia akasema jina lake, alichochanga, na sababu: nisihamishwe. Mwanamke wa jogoo alisema jogoo. Karani aliandika jogoo. Jua lilipopanda, mistari ilikuwa bado imezunguka kituo, na wanawake walikuwa wamewasha mafiga ng'ambo ya barabara.

Adhuhuri Geresom alifika, amevaa koti lake la vikao. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akasimama mbele ya karani.

“Andika na mwenyekiti,” alisema. “Sikuchanga siku ile. Nachanga leo.” Akatoa saa ya mkononi, akaiweka mezani.

Baada ya hapo Gaster alimwita Mama Shifa pembeni, nami nikafuata. Alizungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa amepigiwa simu na mtu mkubwa, alisema, mtu mwenye mkono wake katika ile kampuni. Yeye mwenyewe haoni waasi hapa, anaona watu wa mpunga.

“Lakini mimi ni mtu wa amri, mama.”

“Na sisi tulikuwa watu wa kutii, afande,” Mama Shifa alijibu. “Tumeacha. Utufunge wote, au utupe mtu wetu.”

Gaster akamwambia Geresom atie sahihi ya kumdhamini Benedicto.

Benedicto alitoka akichechemea, jicho moja limefumba. Watu walikimbia kumshika. Jambo la kwanza alilotuuliza, kwa ukali ule ule tuliouogopa, ni kama sisi wote tuko hapa, nani basi amebaki na sanduku. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amebaki nalo. Alitufokea njia nzima mpaka nyumbani, na sikuwahi kukipenda Kiswahili cha kambini kama siku ile. Sanduku lilikuwa pale pale chini ya magunia.

Wakili Isabirye alifungua kesi. Kampuni haikungoja. Siku mahakama ilipokuwa inakaa, tingatinga lilishushwa barabarani, likaanza na safu ya kwanza ya nyumba. Yangu ilikuwa ya pili kuanguka. Nilikuwa nimesimama na sufuria zangu na picha ya marehemu mume wangu, na nililia, sioni aibu kusema. Lakini hatukukimbia. Watu waliketi chini mbele ya safu ya pili, Benedicto akiwa katikati na fimbo yake, Mama Shifa kando yake, na dereva wa lile tingatinga akazima injini akasema yeye aliajiriwa kubomoa tope, si watu. Watu wa kampuni walikuwa bado wanamtukana alipofika Geresom juu ya baiskeli, jasho likimtoka, na karani wa mahakama nyuma yake. Jaji alikuwa amekataza jiwe lolote lisiguswe mpaka kesi isikilizwe.

Ilisikilizwa kwa miaka. Iliahirishwa, ikafufuliwa, na sisi tukachanga tena na tena, maana wakili naye anakula. Mwishowe kampuni ile ikachoka, maghorofa yake ikaenda kuyajenga kwingine. Hatukupata fidia ya nyumba zilizoanguka. Hilo ndilo tuliloshindwa, na silifichi.

Lakini mimi sikungoja miaka hiyo. Wiki ile ile baada ya tingatinga, walikuja wote kwenye kiwanja changu. Seremala alisimamisha nguzo, wabeba magunia wakafunga fito, akina mama tukakanyaga tope mpaka magotini. Gari dogo jeupe likasimama barabarani. Kijana aliyevaa tai akateremsha kioo, akauliza ni nani aliyeniruhusu kujenga mahali pale.

Nikamwambia ama ashuke tumpe jembe, ama apite. Tope lilikuwa linakauka.